Kunyoa sasa au kusubiri kwanza: ulinganisho kwa mzazi wa binti anayekua

Swali hili aghalabu humkuta mzazi hajajiandaa. Binti husimama mlangoni mwa bafu akizungusha maneno, kisha huuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kunyoa miguu. Au hasemi lolote, na mzazi ndiye anayegundua kwamba mtoto aliyekuwa akishinda na kaptula sasa anavaa suruali ndefu hata siku ya joto kali. Majibu mawili yanayokuja haraka ni "wewe bado mtoto" na "haya, nyoa tu". Kila moja laweza kuwa sahihi, na kila moja laweza kumdhuru binti likitolewa bila kupimwa. Mimi ni mama wa mabinti wawili. Wa kwanza nilimpa jibu la kwanza nikakosea, na alipokuja wa pili ikanibidi nifikiri upya. Kwa sababu hiyo nayaweka hapa mambo haya mawili sambamba, kusubiri upande mmoja na kuanza upande wa pili, kisha navilinganisha vifaa vyenyewe, kwa kuwa swali la lini aanze halitenganiki na swali la aanze na kifaa gani.

Umri na mwili

Wazazi wengi hutafuta umri. Huuliza kama ni miaka 11, 12 au 13, na wangependa kupewa namba moja waishike. Tatizo ni kwamba mabinti hawabalehe kwa tarehe moja. Kwa kawaida dalili za kubalehe huanza kati ya miaka 8 na 13, na nafasi hiyo ya miaka mitano ni ndefu sana katika maisha ya mtoto: katika darasa moja la watoto wa miaka 11, mmoja atakuwa amekwisha kuvunja ungo na makwapa yake yana nywele nyeusi, ilhali anayeketi naye dawati moja hajaona hata dalili ya kwanza. Kanuni ya "subiri ufike miaka 12" humchelewesha yule na kumharakisha huyu.

Mwili wenyewe una mpangilio unaofaa kufuatwa kuliko kalenda, ingawa nao haufanani kwa wote. Nywele za sehemu za siri huwa za mwanzo, mara nyingi karibu na wakati matiti yanapoanza kuchomoza; za kwapani hufuata baadaye, pamoja na jasho lenye harufu ambalo mtoto mdogo hakuwa nalo. Miguuni mambo huenda polepole zaidi: yale malaika mepesi aliyokuwa nayo tangu utotoni hubadilika, baadhi yakawa nywele nene na nyeusi, kwa nguvu ya homoni za androjeni, zile ziitwazo za kiume, ambazo mwili wa mwanamke pia huzitengeneza. Kwa hiyo binti anayelalamikia miguu huenda bado ana malaika tu, ambayo mtu wa pili hayaoni ila ayainamie, na mwingine wa umri uleule ana nywele zinazoonekana kutoka upande wa pili wa chumba. Kabla ya kujibu, mzazi na aangalie kwa macho yake, kwa ruhusa ya binti na bila kumshangaa.

Yako mazingira ambayo ulinganisho huu wote unawekwa kando. Binti aliyeota nywele za kwapani au za sehemu za siri kabla ya kutimiza miaka 8 anapaswa kwanza kuonwa na daktari, maana kubalehe mapema kuna sababu zake na baadhi zinahitaji matibabu. Vivyo hivyo kwa msichana mkubwa zaidi anayeota nywele nene kidevuni, kifuani au tumboni, hasa kama hedhi yake haina mpangilio. Huyo akipewa wembe, tunaficha dalili ambayo daktari angeitumia kutambua tatizo la homoni.

Kusubiri na kukataa ni vitu viwili

Hapa ndipo nilipokosea. Binti yangu mkubwa aliniuliza akiwa na miaka 11, na mimi nikamwambia "bado" huku nikiendelea na kazi niliyokuwa nayo mkononi. Sikumwambia kwa nini, wala hadi lini. Nilidhani nimemwambia asubiri, kumbe yeye alisikia mlango ukifungwa. Wiki mbili baadaye alianza kuvaa soksi ndefu nyumbani. Siku ya tatu niliona doa jeusi, dogo kama kifungo cha shati, limeshika kwenye soksi ya mguu wa kulia, na nilipomwomba aivue, kitambaa kilikuwa kimegandamana na kidonda. Alichukua wembe wa baba yake kwenye rafu ya bafuni, akanyoa mguu mkavu bila sabuni, na pale kwenye muundi, ambapo ngozi imelala juu ya mfupa bila nyama ya kuikinga, wembe ukamvua kipande cha ngozi chenye urefu wa ukucha wa kidole gumba. Hakulia alipojikata. Alilia alipoona nimejua.

Kidonda kilipona kwa siku chache. Kilichonitia hofu zaidi ni ule wembe kuwa wa mtu mwingine. Vijeraha vya kunyoa huwa vidogo hata visionekane, lakini hutosha kupitisha damu, na wembe wa kushirikiana unaweza kuhamisha virusi vya homa ya ini aina ya B na C, na hata bakteria wa majipu na virusi vya chunjua za ngozini. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kubaki hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata kama damu imekauka na wembe unaonekana safi. Watu wa nyumba moja hawaachwi nje ya kanuni hii.

Tangu siku hiyo nayatenga maneno hayo mawili. Kusubiri ni makubaliano: binti anajua sababu, anajua ni jambo gani litakalobadilisha jibu, na anajua mtazungumza tena lini. Kukataa ni amri isiyo na tarehe. Unapolinganisha kuanza sasa na kusubiri kwa makubaliano, unalinganisha njia mbili ambazo zote zina heshima kwa mtoto. Unapolinganisha kuanza sasa na kukataa, kuanza sasa ni salama zaidi karibu kila mara, kwa sababu binti aliyekataliwa bado ana miguu ileile, aibu ileile, na rafu ya bafuni iko palepale.

Faida ziko wapi

Faida kubwa ya kusubiri ni ngozi. Ngozi isiyonyolewa haina michubuko, haina vipele vya wembe, wala nywele zilizojikunja na kurudi ndani. Kwa binti mwenye pumu ya ngozi, au anayetokwa damu kwa muda mrefu akijikata, au ambaye makovu yake huvimba na kukua kuliko kidonda chenyewe, faida hii ni kubwa kiasi kwamba mimi ningesubiri, na nikianza ningeanza baada ya kumwuliza daktari na kwa kifaa kisichogusa ngozi kwa makali. Faida ya pili ya kusubiri husahauliwa: kunyoa ni kazi ya kurudiarudia. Miguu iliyonyolewa leo huanza kukwaruza baada ya siku mbili au tatu, na mtoto aliyetaka kuondokana na jambo moja la kumsumbua hujikuta amejipatia shughuli ya kila wiki. Mtoto wa miaka 10 ambaye bado anakumbushwa kupiga mswaki atanyoa mara moja kwa shauku, mara ya pili kwa uvivu, na mara ya tatu kwa wembe uliolala kwenye maji mwezi mzima.

Faida ya kuanza nayo si ndogo. Binti anayeacha kuogelea, anayeomba ruhusa ya kutoshiriki michezo, au anayekaa amebana mikono ubavuni darasani hata kwa swali analolijua jibu lake, huyo anapoteza vitu vikubwa kuliko nywele. Kumjibu kwamba uzuri ni wa ndani ni kumwacha palepale alipo. Akiruhusiwa na kufundishwa, mzigo huo humtoka kwa robo saa ya kazi, na anapata jambo jingine la thamani zaidi, nalo ni kujua kwamba mambo ya mwili wake yanaweza kuzungumzwa na mama, shangazi au dada mkubwa bila kufokewa. Leo anauliza kuhusu miguu. Baadaye atakuwa na maswali mazito zaidi, naye atayapeleka pale alipopokewa vizuri mara ya kwanza.

Kuna hoja moja ambayo huwekwa upande wa kusubiri ilhali haistahili kuwa kwenye mizani kabisa, kwamba ukianza kunyoa nywele zitarudi nene, nyeusi na nyingi zaidi. Niliisikia kwa mama yangu, naye kwa mama yake. Mwaka 1928 mtaalamu wa muundo wa mwili kutoka Marekani, Mildred Trotter, alichapisha utafiti aliofanya kwa wanaume walionyoa ndevu kwa utaratibu uliodhibitiwa, na hakuona kunyoa kukiongeza kasi wala unene wa nywele. Tafiti zilizofuata hazikupata jibu tofauti. Sababu yake inaeleweka. Nywele huota kutoka kwenye shina lililo ndani ya ngozi, na wembe haufiki huko. Nywele ambayo haijawahi kukatwa huishia kwa ncha nyembamba na laini, na ikikatwa hubaki na mwisho bapa, ndiyo maana ikianza kuchomoza hukwaruza, kama nyasi zilizofyekwa zinavyokwaruza mguu ingawa ni nyasi zilezile zilizokuwa zikipapasa jana. Isitoshe, binti huanza kunyoa katika miaka ileile ambayo homoni zinamwongezea nywele, basi wembe husingiziwa kazi ambayo kubalehe kumeifanya.

Hoja nyingine ya kutoa kwenye mizani iko upande wa pili, ile ya usafi. Nywele za kwapani si uchafu. Harufu hutokana na bakteria wa ngozini wanaovunjavunja jasho, na dawa yake ni maji, sabuni na kiondoa harufu, awe amenyoa au hajanyoa. Ndugu yake wa kiume ana nywele hizohizo mahali hapohapo, na hakuna anayemwambia kwamba ni mchafu. Desturi ya kumtaka mwanamke awe na makwapa laini ina uhusiano mkubwa na biashara: mwaka 1915 kampuni ya Gillette ya Marekani ilitoa wembe wake wa kwanza uliolengwa kwa wanawake, wakati mitindo ya nguo zisizo na mikono ilipokuwa ikienea, na matangazo ya zama hizo yakawa yakiwafundisha wanawake kuyaonea haya makwapa yao. Simlaumu binti anayetaka kunyoa kwa kuwa wengine wananyoa, maana sisi watu wazima nasi huvaa na kusuka kwa kuangalia wengine, lakini ni haki yake kuambiwa kwamba anachagua mtindo na kwamba mwili wake haukuwa na kasoro.

Anataka nani?

Nikilazimika kupima kwa kipimo kimoja tu, ningeuliza ombi limetoka kwa nani. Mama anapoona nywele za binti na kuaibika kwa niaba yake, huku binti mwenyewe hajali, kusubiri kunashinda bila mjadala, hata kama msichana ana miaka 15. Hakuna umri ambao msichana analazimika kunyoa. Binti anapoomba mwenyewe, na akarudi kuomba tena baada ya wiki kadhaa, na akaweza kueleza kwa maneno yake kinachomsumbua, ombi hilo ni lake na linastahili jibu la kweli.

Kuna hali ya katikati ambayo ni ngumu, nayo ni ya binti anayeomba kwa sababu amechekwa. Hapa wazazi hugawanyika; wengine husema akiruhusiwa, wanaomcheka watakuwa wameshinda, na wengine husema aruhusiwe haraka ili mateso yaishe. Naona pande zote mbili zinamwachia mtoto kazi isiyo yake. Kumnyima wembe ili kuwashinda wanaomcheka ni kumfanya yeye ndiye askari wa vita vyetu. Kumpa wembe bila kuongea na mwalimu ni kumfundisha kwamba akionewa, wa kubadilika ni yeye. Mambo haya mawili hufanywa pamoja: kama yuko tayari, anyoe, na wanaomcheka wazungumziwe shuleni siku hiyohiyo. Kisha baada ya wiki chache aulizwe kwa faragha kama angeendelea hata kama kicheko kingekuwa hakipo, maana jibu lake linaweza kumshangaza hata yeye.

Pamoja na ombi huenda uwezo. Kunyoa kunahitaji mkono uliotulia, subira ya kufuata maelekezo hadi mwisho, na ukweli wa kusema "nimejikata". La mwisho ndilo ninalolipa uzito zaidi. Kwa binti yangu wa pili, aliyeniuliza akiwa na miaka 10 na malaika matupu miguuni, nilisema tusubiri, nikamweleza kwamba sababu ni ngozi na matunzo, tukakubaliana kwamba kwa mwezi mzima ataoga jioni bila kukumbushwa na kupaka losheni miguuni kila usiku, halafu tuzungumze tena. Alishika wiki mbili, akaacha, na mwezi ulipokwisha akaniambia mwenyewe kwamba bado. Sikuwa na haja ya kumkatalia. Miezi ikapita, akarudi tena kwa hiari yake.

Sehemu gani ya mwili

Jibu la "ndiyo" kwa sehemu moja si jibu la "ndiyo" kwa mwili mzima. Kwapa na mguu chini ya goti ndiyo mwanzo unaofaa. Mapaja na mikono huwa na malaika mepesi ambayo nafuu yaachwe, kwa kuwa yakinyolewa hukwaruza na kuonekana zaidi kuliko mwanzo. Sehemu za siri hazihitaji kunyolewa kwa sababu yoyote ya kiafya; nywele zake hupunguza msuguano na hukinga ngozi nyororo ya hapo, na msichana anayesumbuliwa nazo anaweza kuzipunguza kwa mkasi mdogo wenye ncha butu badala ya kuzinyoa. Usoni wembe usipelekwe na mtoto peke yake.

Vifaa: wembe na mashine

Wazazi wengi huchagua kati ya vitu viwili, wembe wenye mpini na mashine ndogo ya umeme au ya betri. (Wembe mtupu usio na mpini haumo katika ulinganisho huu, huo si wa kumpa mtoto.)

Wembe wenye mpini hunyoa hadi usawa wa ngozi, huacha mguu laini kwa siku mbili au tatu, hupatikana kwa urahisi na hufundishika. Kasoro yake ni kwamba hukata, na ngozi ya muundi, goti na kifundo ndiyo inayolipa. Kasoro nyingine huwahusu zaidi wenye nywele za kujikunja: nywele iliyokatwa karibu mno hujipinda na kuchoma ngozi kutoka ndani au kurudi kwenye kinyweleo chake, kikatokea kipele chenye maumivu ambacho kikikwanguliwa huacha doa jeusi kwa miezi. Wembe wenye makali mengi huzidisha tatizo hili, kwa kuwa ukali wa kwanza huvuta nywele na wa pili huikata chini ya usawa wa ngozi. Kwa binti wa namna hiyo wembe wa makali mamoja au mawili, usiokandamizwa, ni bora kuliko ule wa makali matano unaosifiwa kwenye boksi.

Mashine haifiki karibu hivyo na ngozi. Mguu hubaki na vishina vifupi vinavyohisiwa kwa kiganja ingawa havionekani kwa mbali, na baadhi ya wasichana hilo huwakatisha tamaa. Lakini udhaifu huo ndio unaoifanya ifae kwa mwanzo: makali yake yamekingwa kwa wavu, hivyo ni vigumu kujikata, haihitaji maji wala povu, na kwa kuwa nywele haikatwi chini ya ngozi, vipele vya kujikunja hupungua sana. Hutumika kwenye ngozi safi na kavu, na kichwa chake husafishwa kwa brashi kila mara. Iwapo binti ana miaka 10 au 11, au mkono wake bado una papara, au ngozi yake ina historia ya makovu, mimi huipa mashine nafasi ya kwanza bila kusita. Akiwa na miaka 13 na mtulivu, na anataka ulaini wenyewe, wembe unatosha, mradi siku ya kwanza asiwe peke yake.

Krimu ya kuondoa nywele huonekana kuwa njia ya upole kwa kuwa haina makali, na huo ni udanganyifu wa macho. Ndani yake mna kemikali za jamii ya thioglikolati katika mchanganyiko mkali wa alkali, ambazo huvunja keratini, ile protini inayoujenga unywele. Na ngozi ya juu nayo imejengwa kwa keratini. Ikiachwa dakika chache kupita muda ulioandikwa, huunguza. Ni lazima ijaribiwe kwanza kwenye sehemu ndogo na kungojewa saa 24, isipakwe juu ya mchubuko wala ngozi iliyonyolewa karibuni, na isipelekwe sehemu za siri wala usoni ila kama imeandikwa kwamba ni ya huko. Msichana anayeweza kuangalia saa na kutii anaweza kuitumia miguuni mbele ya mtu mzima. Kwa mara ya kwanza kabisa, siichagui.

Nta hung'oa nywele na shina lake, na ngozi hubaki laini kwa wiki 3 hadi 6, jambo linalovutia. Lakini inauma, nta ya moto huunguza, na nywele sharti ziachwe zikue hadi karibu milimita 5 au 6 ndipo zishike, kwa hiyo binti hukaa kwa wiki na zilezile nywele zilizokuwa zikimtia haya. Anayetumia dawa ya chunusi ya aizotretinoini asiguswe na nta, kwani ngozi yake huweza kuchunika. Hiyo ni njia ya baadaye, akitaka. Leza, yaani mwanga mkali wa kuunguza mashina ya nywele, nayo haifai kwa mwili ambao homoni zake bado zinabadilika.

Siku ya kwanza

Kama uamuzi ni kuanza na wembe, siku ya kwanza iwe jioni, bila haraka, na wembe uwe mpya na wa kwake pekee. Mguu uoshwe kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 2 au 3 ili nywele zilainike, kisha upakwe povu la kunyolea au sabuni laini yenye mafuta. Naanza na shavu la mguu, kwa nyuma, ambapo nyama ni nyingi na ngozi imetulia. Namwekea mkono wangu juu ya wake kwa mapitio mawili ya kwanza, ili ahisi uzito wa wembe wenyewe unatosha na kwamba hakuna haja ya kuukandamiza, halafu namwachia. Wembe hufuata uelekeo wa nywele, kutoka juu kwenda chini, na husuuzwa kila baada ya pitio moja. Muundi huja mwishoni, polepole, na goti na kifundo vyaweza kungoja hata wiki nyingine. Kwapani nywele huota pande mbalimbali, basi mapitio huwa mafupi, mkono ukiwa umeinuliwa ili ngozi isikunjamane.

Akimaliza, asuuze kwa maji baridi, ajifute kwa kugusagusa bila kusugua, apake losheni isiyo na manukato. Kiondoa harufu kisubiri hadi asubuhi, kwa kuwa huwasha sana kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa. Wembe usuuzwe, ukaushwe na uhifadhiwe pakavu, nje ya sehemu inayorushiwa maji, na makali yabadilishwe baada ya kunyoa mara 5 hadi 7, au kabla ya hapo yakianza kuvuta. Akijikata, abonyeze kwa kitambaa safi hadi damu ikome, aoshe kwa maji na sabuni, na kunyoa kusimame hadi pafunge.

Uzuri mmoja wa jambo hili, ambao wazazi wenye wasiwasi husahau kuuweka kwenye mizani, ni kwamba linarudika. Binti aliyeanza leo anaweza kuacha mwezi ujao. Nywele zitakwaruza kwa wiki chache, zitakua, na kadiri zinavyodondoka na kuota upya zitarudi na ncha zake laini kama hapo awali. Binti yangu mkubwa hunyoa miguu kila Jumamosi na haachi. Mdogo, ambaye sasa ana miaka 12, aliomba mashine akaanza na makwapa peke yake. Nilipomuuliza kuhusu miguu aliitazama, akapitisha kiganja kwenye muundi, akasema, "Mama, hii bado."